Wacheni Kuhesabu Jeti, Tuongee Kuhusu Chopa

Kuna hii video inarudi kila baada ya wiki mbili kwa TikTok. Muziki wa vita, bendera zimepangwa, halafu ndege zinapita moja moja: Uganda na Su-30, Ethiopia na Su-27, Tanzania na J-7 ya Mchina, Kenya na F-5. Chini yake ni kelele tupu. Mganda anacheka ati jeti zetu ni za makumbusho. Mkenya anarusha tusi. Mtanzania anaingia kuwaambia wote wawili kwamba Kiswahili chao kibovu, na hapo mada imekufa.

Mimi ni wa Turbo, hapa kwa barabara ya kutoka Eldoret kwenda Webuye hadi Malaba. Malori ya Uganda yanapita kwetu usiku na mchana, kwa hivyo huu ubishi hauko kwa simu pekee. Dereva akishuka kunywa chai, akute vijana wamekaa hapo, ni dakika mbili tu Sukhoi imetajwa. Nimeusikia kutoka pande zote, na naona tumeng'ang'ania ndege ambazo hazituhusu sana.

Lakini kwanza niitetee F-5, juu wengi wanaitukana bila kuijua. Kampuni ya Northrop ya Marekani iliitengeneza makusudi iwe jeti nyepesi, ya bei nafuu, rahisi kutunza, kwa nchi ambazo hazina pesa za kuchezea. Kenya ilipata zake za kwanza 1978. Fikiria majirani tuliokuwa nao wakati huo: Idi Amin bado yuko Kampala, na Somalia imetoka tu kupigana na Ethiopia juu ya Ogaden. Miaka kama thelathini baadaye tukaongeza zingine 15 kutoka Jordan, zilizotumika, kwa karibu shilingi bilioni 1.5. Mtumba, kama vile sisi hununua viatu. Watu walilalamika sana, lakini hizo ndizo zilizoenda kazini Somalia ilipoanza Linda Nchi Oktoba 2011. Na kama umetazama Top Gun ile ya 1986, zile ndege nyeusi za adui wanazoziita MiG-28? Hakuna ndege kama hiyo duniani. Ni F-5 imepakwa rangi.

Halafu kuna 1982. Tarehe 1 Agosti, askari wa vyeo vya chini wa jeshi la anga, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali ya Moi. Kule Nanyuki marubani walishikiwa bunduki wapande ndege wakapige mabomu Nairobi. Wakapaa kweli, lakini mabomu wakaenda kuyamwaga kwa msitu wa Mlima Kenya. Hebu wazia mtu ako na bunduki nyuma yako na wewe unazungusha ndege kichwa kimchanganyikie. Mapinduzi yalipofeli, Ochuka alitorokea Tanzania, na hakutoroka na jeti. Alipanda Buffalo, ndege ya kubeba mizigo na askari. Jeshi lenyewe likavunjwa, na jina la Kenya Air Force halikurudi hadi 1994.

Sasa tufike kwa ile ndege ambayo hakuna mtu anaitengenezea video.

Hapa Turbo tunaijua chopa. Rais kwao ni Sugoi, na ukiisikia inakuja unaweza hata kukisia ni wikendi ya aina gani. Watoto wanakimbia nje, wazee wanainua kichwa mara moja wanarudi kwa kazi. Kwetu ni kitu cha kawaida. Kilikuwa cha kawaida hadi Alhamisi ya tarehe 18 Aprili 2024.

Siku hiyo Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi, alikuwa North Rift kuangalia shule zilizofungwa kwa sababu ya wezi wa mifugo wenye bunduki. Chopa aina ya Huey iliyombeba ilianguka Sindar, kule Kaben, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa. Watu 10 walikufa, yeye akiwemo. Wawili wakapona. Ukitoka kwetu asubuhi, ukapitia Eldoret na Iten ukashuka bondeni, siku hiyo hiyo umefika. Si mbali.

Kitu hunisumbua ni hiki. Ogolla alikuwa rubani wa F-5. Ile jeti tunayoicheka, alifunzwa kuirusha, akapanda cheo hadi akawa kamanda wa jeshi la anga lote. Jeti haikumuua. Aliuawa na safari ya kwenda kuona madarasa.

Huey ilipaa mara ya kwanza 1956. Zile tulizopewa na Marekani kuanzia mwisho wa 2016 zinaitwa Huey II, yaani mwili wa zamani uliofanyiwa matengenezo makubwa ukawekwa injini yenye nguvu zaidi. Sisemi umri ndio uliiangusha. Nasema tu kwamba kwenye hizo video zote hakuna mtu amewahi kuuliza.

Na si mara moja. Tarehe 10 Aprili 2006, Y-12 ya jeshi la anga iligonga mlima Marsabit na watu 14 wakafa, wakiwemo wabunge waliokuwa wanaenda mkutano wa amani. Septemba 2023 chopa ilianguka Lamu usiku ikiwa kwa doria, na hakuna aliyetoka. Hata Uganda, hao wenye Su-30: Agosti 2012, jeti zao zikiwa mpya kabisa, chopa zao tatu aina ya Mi-24 zilianguka Mlima Kenya zikielekea Somalia. Sukhoi zilibaki nyumbani zikimetameta. Ule ununuzi, jeti 6 na vifaa vingine, uliwagharimu dola milioni 740 hivi.

Najua jibu. Beshte yangu mmoja hapa stage hunipinga kila siku: ati jeti ni ya kumtisha jirani, haifai hata kutumika, ikitumika imeshashindwa kazi. Ako na pointi, sikatai. Lakini hebu angalia Migingo. Tumegombania hilo jiwe na Uganda miaka na miaka, na kazi yote imefanywa na polisi, wavuvi na wanasiasa. Wakati huo huo kila wiki kuna askari wanapelekwa Boni, Mandera au Kerio, na wanapelekwa na chopa.

Ndege ya abiria ikianguka Kenya, kuna idara ya serikali ya kuchunguza ajali, nje ya kampuni ya ndege. Ya jeshi ikianguka, jeshi linajichunguza lenyewe. Siri za vita ziwe siri, sawa. Ila bolti iliyolegea si siri ya vita. Saa ngapi injini imefanya kazi, spea zinatoka wapi, nani alitia sahihi kwamba hii iko sawa kupaa: adui atafanya nini na hayo?

Makurutu wa KDF wanafunzwa hapa Eldoret, wawe wa nchi kavu, wa maji au wa anga. Siku ya kuandikisha, foleni inajaa vijana wa umri wetu, wamekimbia asubuhi, vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Wawili wa darasa letu walichukuliwa. Mama ya mmoja huuza mboga hapa sokoni, na nikipita hunisimamisha nimwangalizie kwa simu kama kuna habari yoyote ya chopa. Sijawahi kumsikia akiuliza kuhusu Su-30.

Kama wewe ni wa Kaben au Marsabit na unakumbuka hizo siku, niandikie hapo chini. Wale wa Sukhoi, nyinyi najua mtakuja tu.