Klachi ya Pikipiki Kuukuu



Pikipiki yetu ni Honda CG 125 ya zamani, nayo ndiyo hutufikisha madrasani kila alasiri. Mwaka huu ilianza kutuchelewesha: tukivuta mafuta injini inanguruma, lakini mwendo hauongezeki. Fundi mmoja hapa Kariakoo akatutaka tununue pleti zote mpya za klachi. Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ya chakula cha nyumbani, basi tukaomba kwanza tukague hatua kwa hatua.

Tulianza na waya. Mkono wa klachi unatakiwa ucheze kama milimita 10 hadi 20 kabla haujaanza kukaza. Wetu haukucheza kabisa. Waya ulivutwa mno, pleti hazikubanana sawasawa, zikateleza. Waya ukilegea mno, mambo hugeuka: gia huingia kwa taabu. Tukalegeza nati, pikipiki ikashika mwendo.

Ingeendelea kuteleza, tungetazama oili, kwani pleti hizi huoga humo, na baadhi ya oili za magari huzitelezesha. Pleti na springi huja mwisho.

Vijana mnaojifunza ufundi, anzeni na kisichogharimu kitu. Mteja akikukabidhi chombo chake, usimuuzie asichohitaji. Hiyo ni amana.