SAFARI YA MWINJILISTI, KUTOKA MBULU HADI HANANG



Huenda katika kijiji chako yuko mtu anayeitwa mwinjilisti. Wakatoliki humwita katekista. Mtu huyu si mchungaji wala si padre. Ni mkulima kama wewe. Lakini Jumapili yeye ndiye anayesimama mbele ya watu. Mgonjwa akizidiwa usiku, yeye ndiye anayeitwa. Msiba ukitokea, yeye hufika mapema. Mchungaji mmoja ana mitaa mingi ya kuangalia. Hawezi kufika kila mahali kila wiki.

Leo tutasafiri na mwinjilisti katika wilaya za Mbulu na Hanang. Hatuendi kuhubiri. Gazeti hili ni la wote: Wakristo, Waislamu, na wale wanaofuata dini za wazee wetu. Tunakwenda kujifunza jambo moja. Kazi ya imani ina gharama. Tutazame ni nani anayelipa gharama hiyo.

NCHI YENYE LUGHA NYINGI

Mbulu na Hanang ni wilaya za Mkoa wa Manyara. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo wilaya hizi zilikuwa katika Mkoa wa Arusha.

Mbulu iko juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ni nchi ya vilima. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake ni kali. Wairaqw walio wengi huko hulima mahindi, maharage na mtama, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Ukitoka Mbulu mjini kwenda kusini utafika Dongobesh. Ukielekea magharibi kutoka hapo utafika Haydom. Kaskazini ya Haydom ni Bonde la Yaeda, nchi ya Wahadzabe. Kusini ya Haydom ni Basotu, penye ziwa. Ukiendelea mbele utaona Mlima Hanang, wenye urefu wa mita zipatazo 3,400. Chini ya mlima huo ni Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang.

Haydom ni mahali pa ajabu kwa lugha. Kiiraqw kina undugu na lugha za Wasomali na Waoromo. Kitatoga kina undugu na lugha za Wakalenjin wa Kenya. Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za Kibantu, kama Kiswahili chetu. Kihadzabe kina sauti za kugonga ulimi, na hakina ndugu anayejulikana wazi. Ni mahali pachache sana katika Afrika ambapo lugha za aina nne kama hizi hukutana.

Basi mwinjilisti ana shida ya kwanza. Kwa Kiswahili ataeleweka sokoni. Lakini mtu akiwa na huzuni hulia kwa lugha ya mama yake. Mwinjilisti asiyejifunza lugha ya jirani atabaki mgeni siku zote.

WATU WALIOMJUA MUNGU

Msomaji, usidhani kwamba watu wa huku hawakumjua Mungu kabla ya wageni kuja. Wairaqw walimwita Looa. Neno hilo pia ni jina la jua. Watatoga husema Aseeta, nalo pia linahusu jua. Wairaqw wana sala ndefu ya wazee iitwayo slufay. Mzee mmoja hutamka maneno, na wote huitikia. Huomba mvua, amani, uzazi na heri kwa majirani.

Mapadre wa Kikatoliki walifika Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1953 Mbulu ikawa jimbo la Kanisa Katoliki. Mwaka 1971 Nicodemus Hhando alikuwa askofu wake, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1997. Kwa upande wa Walutheri, wamisionari kutoka Norwei walijenga Hospitali ya Haydom. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1955. Leo ina vitanda zaidi ya 400.

Majina ya maaskofu na madaktari yameandikwa katika vitabu. Majina ya wainjilisti wengi hayakuandikwa. Lakini ndio waliokwenda kwa miguu kutoka boma hadi boma. Ndio waliotafsiri maneno ya wageni. Katika shule zao ndogo za chini ya mti, watu wengi walijifunza a, e, i, o, u kwa mara ya kwanza. Wewe unayesoma gazeti hili unajua thamani ya jambo hilo.

MZIGO WA SAFARI

Tuseme sasa umepewa kazi ya kumsindikiza mwinjilisti. Utabeba nini? Biblia, kitabu cha nyimbo, tochi, shuka na fimbo. Chakula hutabeba kingi. Fedha hutakuwa nazo nyingi pia. Posho ya mwinjilisti hutoka katika sadaka za waumini, na mwaka wa njaa sadaka hupungua.

Kwa hiyo mwinjilisti huanza safari bila kujua atalala wapi. Hapo ndipo utakapoona maana ya urafiki. Jioni inaingia, mawingu yametanda, na mto uko mbele. Mwenye nyumba anatoka, anakutazama, halafu anasema, "Karibu ndani." Hakuulizi kwanza kama unafuata dini yake. Anakupa maziwa, ugali na mahali karibu na moto.

Mtu huyo huenda hatabatizwa kamwe. Lakini bila yeye mwinjilisti asingefika asubuhi. Msomaji, liweke hili moyoni. Safari nyingi za imani zimebebwa na watu wasio wa imani hiyo. Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

NYUMBA ISIYOTEMBELEWA

Zamani Wairaqw walikuwa na desturi iitwayo metimani. Mtu aliyepatwa na mkosi wa aina fulani, kama vile kifo fulani ndani ya nyumba, alitengwa na majirani kwa muda. Hakula nao wala hakuchota maji pamoja nao. Shabaha ya desturi hiyo ilikuwa kuwalinda watu wengine wasipatwe na mkosi huo. Wazee hawakuifanya kwa ukatili. Hata hivyo ilikuwa mzigo mzito kwa mama aliyekuwa peke yake na huzuni yake.

Fikiri sasa umesimama njiani na mwinjilisti. Nyumba hiyo iko mbele. Akiingia, huenda majirani hawatampokea tena kwao. Kazi yake yote ya miezi mingi inaweza kuharibika. Asipoingia, atamhubiria nani upendo siku ya Jumapili?

Hapa sadaka si fedha. Sadaka ni jina lake jema na urafiki wake na watu wengine. Mwinjilisti mwenye busara hakuwatukana wazee. Aliwaeleza kwanza, kisha akaingia, akaketi na mfiwa. Wengine walikubaliwa, wengine walikaa muda mrefu bila kualikwa popote. Siku hizi desturi hiyo imepungua sana. Imepungua kwa sababu ya kanisa, shule na hospitali, na pia kwa sababu watu walithubutu kumkaribia jirani aliyefiwa.

KATIKA BOMA LA WABARABAIG

Twende Basotu, kisha tushuke kuelekea Hanang. Huku utakutana na Wabarabaig, ambao ni kundi kubwa la Watatoga. Ni wafugaji hodari. Watu wengine wamezoea kuwaita Wamang'ati. Jina hilo limetoka kwa Wamaasai, na maana yake ni adui. Je, wewe ungependa kuitwa adui kila siku? Mwinjilisti anayetaka urafiki huanza kwa kuwaita watu jina lao wenyewe.

Zamani Wairaqw na Wabarabaig waligombana mara kwa mara kwa sababu ya ng'ombe na ardhi. Lakini hata wakati huo walikuwepo marafiki wa pande zote mbili. Walioana, walibadilishana nafaka na mifugo, na walitafutiana waganga.

Katika miaka ya 1970 na 1980 jambo lingine lilitokea. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yalifunguliwa katika nchi ya Basotu kwa msaada wa Kanada. Taifa lilihitaji ngano. Lakini wafugaji walipoteza malisho mazuri, na makaburi ya wazee wao yalipitiwa na matrekta. Kwa Wabarabaig kaburi la mzee ni mahali patakatifu. Kwa hiyo mgeni akifika bomani na maneno matamu, wazee humtazama kwanza. Hujiuliza, "Huyu naye amekuja kuchukua nini?"

Mwinjilisti hajibu kwa hotuba. Hukaa. Husaidia kunywesha ng'ombe. Humpeleka mtoto mgonjwa hospitali. Huja tena mwezi unaofuata, na tena. Wazee wakimkaribisha pombe yao ya asali iitwayo gesuda, naye hanywi pombe, huomba maziwa kwa heshima. Hasemi kwamba kinywaji cha wazee ni kibaya. Kukataa kinywaji si kosa. Kumdharau mwenyeji ndilo kosa.

PORINI YAEDA

Kwa Wahadzabe kazi ni nyingine. Baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Kambi huhama kufuata chakula. Katika miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakalisha Yaeda Chini ili walime. Wengi walirudi porini.

Mwinjilisti akijenga nyumba ya ibada, huenda mwezi ujao atakuta mahali patupu. Lazima ahame nao, atembee kwenye jua, na anywe maji yanayopatikana. Tena lazima akubali kufundishwa. Porini yeye ndiye mwanafunzi. Mtoto wa Kihadzabe anajua mizizi ya kula ambayo yeye angeipita bila kuiona.

ALIYEBAKI NYUMBANI

Msomaji, mpaka hapa tumemsifu anayesafiri. Sasa tugeuke nyuma, tutazame nyumbani kwake.

Mvua za Mbulu huanza kama mwezi wa Novemba. Shamba halimsubiri mwinjilisti. Magugu hayajui kwamba ameitwa kwenye msiba. Mume akiondoka siku tatu wakati wa palizi, jembe linabaki kwa mkewe. Mke hukamua ng'ombe, hupalilia, huchota maji, na hupika chakula cha watoto. Jioni wageni wanabisha hodi. Wamekuja kumwona mwinjilisti. Hayupo, lakini lazima wale.

Watoto nao hulipa. Mtoto anaumwa, na baba yuko kwa mtoto wa mtu mwingine. Karo inahitajika, na posho haijaja.

Sadaka ya mwinjilisti huonekana, na watu humshukuru kanisani. Sadaka ya mkewe haionekani. Hakuna wimbo unaoimbwa kwa ajili yake. Lakini ukihesabu siku za jasho, huenda yeye ndiye aliyetoa zaidi. Siku hizi wako pia wainjilisti wanawake. Kwao mzigo ni wa pande mbili, wa njiani na wa jikoni.

KATESH, DESEMBA 2023

Tumefika mwisho wa safari yetu, Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi ya Jumapili, mvua kubwa ilileta maafa hapa. Tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang. Vilifunika nyumba katika mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi na sehemu nyingine. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wengi waliachwa bila nyumba.

Siku kama hizo hakuna anayeuliza dini ya aliyefukiwa. Watu walichimba tope pamoja. Askari, majirani, viongozi wa dini na wageni walifanya kazi bega kwa bega. Serikali na watu wa mikoa mingine walituma chakula, nguo na dawa.

Mtu aliyepoteza watoto wake wote akikuuliza, "Mungu alikuwa wapi?", utasema nini? Maneno mengi hayamfai. Mwenye imani ya kweli huketi naye chini, hulia naye, kisha hushika sepetu. Rafiki aliyepatikana zamani kwa kutembelewa ndiye anayeweza kufarijiwa siku hiyo. Urafiki hauanzishwi siku ya maafa.

TUFANYE NINI?

Siku hizi kuna bodaboda, simu na barabara ya lami inayopita Katesh. Ndege ndogo hupeleka wauguzi mahali pa mbali. Hata hivyo bado kuna mabonde ambayo hufikiwa kwa miguu tu, na bado kuna mke anayepalilia peke yake.

Kama katika kijiji chako yuko mwinjilisti, katekista, au mwalimu wa madrasa anayewahudumia watu kwa moyo, msimsifu kwa mdomo tu. Wakati wa palizi, watu 10 wakitoa asubuhi moja, shamba lake litakwisha. Mama wa nyumba hiyo akiumwa, wengine wamchotee maji na kuni. Mgeni wake akifika, jirani apike. Mzigo ukigawanywa hauvunji mgongo wa mtu mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO

1. Kwa nini mwinjilisti anahitaji kujua lugha ya jirani zake?

2. Katika kijiji chako, ni nani anayefanya kazi ya watu wote na familia yake inapata shida?

3. Ninyi mnaweza kuisaidiaje familia hiyo kabla ya mvua zijazo?