Safari ya Mtwapa kwa Ajili ya Mbuzi ya Nazi

Kutoka Mombasa kisiwani hadi Mtwapa si safari ya kufungia mizigo. Mtu hupanda matatu, akavuka daraja la Nyali, lile lililofunguliwa mwaka 1980 likachukua nafasi ya daraja la kuelea, akapita Kongowea penye soko, Bamburi na Shanzu, na kabla hajamaliza nyiradi zake za asubuhi yu juu ya mkono wa bahari wa Mtwapa, hapo Kaunti ya Mombasa inapoisha na ya Kilifi inapoanza. Ni kama kilomita 16. Pamoja na ukaribu huo, sisi tulikuwa hatujayavuka maji yale kwa Idi nne mfululizo.

Aliyetuvusha ni mtoto. Binti yetu wa miaka tisa alihitimu msahafu chuoni mwezi wa Mfungo Nne, na kama ilivyo ada ya watu wetu, tukamwuliza ataka hidaya gani. Tulidhani atataja viatu au saa. Akasema ataka mbuzi ya bibi.

Wasomaji wetu wa mjini, ambao tui lao hutoka kwenye pakiti au kwenye blenda, huenda watoto wao hawakuijua kamwe mbuzi ya kukunia nazi. Ni kigoda cha mbao mbili zilizopitana, kikikunjuliwa husimama kama miguu ya mnyama, na kikikunjwa hulala bapa ukutani. Ubao mmoja huchomoza mbele kama shingo, na mwisho wake umetiwa ulimi wa chuma wenye meno. Mwanamke huketi juu yake, leso yake ameikusanya vyema, akashika nusu ya nazi kwa mikono miwili na kuizungusha juu ya meno, na machicha meupe yakaanguka katika sinia. Sisi huiita mbuzi. Watu wa Thailand wana kifaa cha namna hiyo hiyo na wao hukiita sungura, maana walizoea kukichonga kwa umbo lake. Kerala, kusini mwa Bara Hindi, wanayo vilevile. Ukiwaza, pwani zote za minazi zimeketi kigoda kimoja.

Mbuzi ya marehemu mama yetu, Allah amrehemu, ilibaki Mtwapa katika nyumba yake, na nyumba hiyo anakaa kaka yetu. Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba.

Mama alipofariki aliacha nyumba, kishamba cha minazi nyuma yake, na warithi watatu: kaka yetu na sisi dada zake wawili. Hatukuwahi kukaa kitako kugawana. Kabla hata arubaini haijapita miezi mingi, kaka alikata minazi kumi na mmoja akauza mbao zake. Sisi tuliposikia tulikasirika, na hasira yetu ilikuwa na hoja. Mnazi mrefu wa kwetu huchukua miaka sita hadi minane ndipo uanze kuzaa, kisha ukazaa kwa miaka sitini na zaidi. Kuuangusha ni jambo la siku moja. Tukamwambia kwa simu kwamba amekula mali isiyogawanywa, tena bila ya kutuuliza. Naye akajibu maneno ambayo hatutayaandika hapa. Tangu siku hiyo salamu zetu zikawa za kupitia watoto.

Sasa mtoto ataka mbuzi. Mmoja wetu akatoa shauri, na tunalikiri kwa aibu, kwamba tumtume kijana aende siku kaka hayupo, aichukue tu, ni kigoda kibovu, nani atakiulizia? Tulikuwa karibu kukubaliana. Lakini tulikuwa tumezoea kumwuliza maalim wa binti yetu mambo madogo madogo, tukamwuliza na hili. Akatuuliza maswali mawili: je, mama aliusia mbuzi hiyo kwa mjukuu? Hapana. Je, tirka yake imegawanywa? Hapana. Basi, akasema, mbuzi hiyo ni ya warithi wote, kama ilivyo nyumba na shamba. Mjukuu harithi akiwapo mtoto wa kiume wa marehemu. Huweza kupewa tu, kwa ridhaa ya kila mrithi aliye baleghe na mwenye akili timamu. Na kwa hesabu ya sura An-Nisaa, mtoto wa kiume akipata mafungu mawili ya mtoto wa kike, mbuzi ile nusu yake ilikuwa ya kaka, na sisi kila mmoja alikuwa na robo.

Tulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. Nusu ya mbuzi! Hakuna kadhi atakayefunguliwa faili kwa kigoda. Tulipofika mlangoni kicheko kilikuwa kimekwisha, kwa kuwa sote wawili tulikuwa tumeliona jambo lile lile: tulilokuwa karibu kulifanya juu ya mbuzi ndilo tulilomshitakia kaka juu ya minazi.

Basi tukaenda, Jumamosi, pamoja na mtoto na sahani ya mahamri iliyofungwa kwa kitambaa. Mtwapa ya leo haifanani na ile ya utoto wetu. Maduka na nyumba za kupangisha zimeipanda barabara kuu pande zote mbili, magari hayapungui, na kelele za usiku zake wengine wetu tungependa tusizisikie. Lakini ukiacha lami na kuingia ndani upande wa baharini, bado kuna vichochoro vya mchanga, ua za makuti, na harufu ya kumbi zikiungua. Hapo pia ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, kinachoshughulikia mazao ya pwani, minazi na mikorosho ikiwamo. Mama alikuwa akisema kwa fahari kwamba wataalamu wa mnazi wamekuja kukaa jirani naye.

Kaka alitupokea barazani. Akamshika mtoto kichwa, akamwombea baraka kwa kuhitimu kwake, kisha akanyamaza. Shemeji yetu alileta kahawa. Tulizungumza juu ya mvua. Mwishowe dada mkubwa akasema moja kwa moja, "Kaka, tumekuja kukuomba fungu lako katika mbuzi ya mama, ili tumpe huyu mtoto. Ni nusu. Sisi robo zetu tumeshatoa."

Alitutazama kama anayedhani anafanyiwa kejeli. Alipoona hatucheki, akainua macho kwenye dari. "Mmekuja Mtwapa kuniomba ruhusa," akasema. Halikuwa swali. Tukamjibu kuwa ndiyo, na kwamba akikataa tutaondoka na mahamri tutayaacha.

Mbuzi ilikuwa katika banda la kuku. Ilikuwa imelala kifudifudi chini ya gunia, mbao zimeingia unyevu, kinyesi kimekauka juu yake, na ulimi umevimba kwa kutu hata meno hayahesabiki. Mguu mmoja ulikuwa umelegea. Mtoto alipoiona uso ulimwanguka, lakini hakusema kitu. Kitako cha ubao bado kilikuwa na bonde alilolichonga mama kwa kuketi kwake, miaka arubaini na zaidi ya tui la asubuhi na la jioni.

Tulidhani tutaichukua hivyo hivyo tuipeleke kwa fundi mjini. Kaka akasema kuna mafundi wa jua kali karibu na barabara, akatupeleka mwenyewe. Fundi aliigeuza mara mbili akasema ulimi umekufa; atatukatia mwingine kutoka katika springi ya gari, na mbao atazipiga vanishi zing'ae. Bei yake haikuwa mbaya. Sisi tulianza kufungua mkoba. Kaka akamzuia kwa upole. "Ukibadili ulimi na kuupaka vanishi," akasema, "mtoto atakuwa amepewa mbuzi yako wewe, fundi, si ya bibi yake." Kisha vanishi si ya kugusana na chakula, hilo hata sisi tulilijua. Tulinunua msasa na siki, tukarudi nyumbani.

Aling'oa misumari iliyoushika ulimi, akautia katika bakuli la siki na chumvi. "Hadi alasiri," akasema. Sasa tukawa na saa nyingi na maneno machache, na mtoto asiyetulia. Shemeji akashauri tumpeleke Jumba la Mtwana.

Tulikwenda wanawake watatu na mtoto. Magofu yale yako kaskazini ya mkono wa bahari, kilomita chache tu, chini ya mibuyu mikubwa inayoteremka hadi ufukweni. Mtwana ni mtumwa wa kiume, na kwa nini jumba likaitwa lake, kila mzee ana hadithi yake. Mji ulijengwa katika karne ya 14 na kuhamwa katika karne ya 15. James Kirkman aliufukua mwaka 1972, na vigae vya vyombo vya Kichina vilivyopatikana humo vilisaidia kuujua umri wake. Leo ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanayoutunza. Yupo msikiti kando ya bahari, kuta zake za matumbawe zimesimama na kibla kinajulikana, na nyuma yake kaburi lenye maandishi ya aya ya sura Al-Imran inayohusu mauti. Mtoto aliweza kusoma maneno mawili matatu kabla hatujamsaidia, akajiona mkubwa.

Lakini kilichomshughulisha zaidi ni nyumba. Aliingia chumba hadi chumba katika ile iitwayo Nyumba ya Milango Mingi akiuliza, "Jiko lao lilikuwa wapi? Na nazi walikunia wapi?" Hatukuwa na jibu. Mbao haidumu miaka mia sita katika chumvi ya bahari. Vilivyobaki ni mawe, visima na mashimo ya vyoo. Shemeji yetu, ambaye kwa miaka miwili tulimhesabia makosa ya mumewe, aliketi na sisi kwenye jiwe chini ya mbuyu akasema kwa sauti ya chini kwamba pesa ya minazi ile ililipa deni la hospitali la mama. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mlimwuliza amekula nini. Hamkumwuliza amelipa nini."

Tuliporudi, baada ya swala ya alasiri, kaka alikuwa chini ya mwembe na ulimi wa mbuzi mapajani. Siki ilikuwa imekula kutu, iliyobaki akaiondoa kwa msasa na majivu, na chuma kilikuwa kimejitokeza, cheusi kwa mashimo mashimo lakini kizima. Ameshika tupa ya marehemu baba, ya pembe tatu. Alikuwa akiyachonga meno upya, moja baada ya moja, kutoka katikati kwenda kando. Meno, alimweleza mtoto, yasiwe marefu. Yakiwa marefu hung'oa nazi vipande, na vipande havitoi tui. Yakiwa mafupi na makali, chicha huwa laini kama unga, na tui kasimele hutoka zito. Mtoto alishika ncha ya pili ya tupa akasukuma naye. Tulikumbuka, tukiwatazama, jinsi Bibi Aisha (r.a.) alivyoeleza kwamba Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alikuwa akishona viatu vyake na nguo zake kwa mkono wake.

Mbao alikuwa ameshaziosha na kuzianika. Mguu uliolegea akautia kabari ya mti. Lile bonde la kitako hakuligusa kwa msasa. Sisi tulipaka mafuta ya nazi, mara tatu, kwa kitambaa, na mbao ikayanywa kama iliyokuwa na kiu.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi na nazi mbili. Akazifua kwenye kifuo, akazivunja kwa mgongo wa panga, na maji yake akampa mtoto. Binti akaketi juu ya mbuzi. Miguu yake ilikuwa mifupi, ikabidi atiwe tofali chini ya nyayo. Nazi ya kwanza ilimteleza, akajikwaruza kidole, akalia kidogo, akafungwa kitambaa, akarudi. Ya pili aliizungusha vizuri kutoka ukingoni kuingia ndani, hadi weusi wa kifuu ulipoanza kuonekana, na mjomba wake akamwambia, "Basi hapo. Ukizidi tui litaingia rangi." Machicha yalikuwa makubwa kwa madogo. Shemeji aliyakamua kwa kifumbu hivyo hivyo, akapikia samaki.

Baada ya kula na kumshukuru Mola, kaka aliingia chumbani akatoka na daftari la shule lenye jalada lililochanika. Ndani yake ziliandikwa tarehe, minazi, bei ya mbao, na stakabadhi za hospitali zimebandikwa kwa gundi. Kulikuwa na pesa iliyobaki pia, si nyingi, nayo iliandikwa. Tulisoma kwa zamu. Baadhi ya hesabu hatukukubaliana nazo, na tulisema. Yeye naye alisema yake. Tukaafikiana kukutana baada ya Maulidi, na maalim awepo, tugawe kama ilivyoamrishwa.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika barabarani. Meno ya mbuzi tulikuwa tumeyavika kipande cha kumbi na kukifunga kwa kamba, yasimwumize mtu. Utingo wa matatu alipotuona tumebeba gunia akamwuliza mtoto mna nini humo. Binti akajibu kwa fahari, "Mbuzi ya bibi yangu," na utingo akarudi nyuma hatua moja, akalitazama gunia kama litakalolia, akasema mifugo hulipa nauli.