MASIKIO YA WATOTO WETU, SEHEMU YA 3: Nilimchapa kumbe hasikii

Leo siandiki ya mgonjwa, naandika ya nyumbani kwangu, mtanisamehe.

Mwanangu wa pili akiwa darasa la pili, daftari lilirudi na wino mwekundu: "Hasikilizi darasani." Imla ya maneno 10 kapata mawili. Mwalimu kasoma sufuria, yeye kaandika ufuria. Nyumbani namwita mara tatu anaangalia katuni tu, tena sauti kaifungulia mpaka jirani anajua kinachoendelea. Nikasema huyu ana kiburi. Nikamchapa. Mimi, nesi, niliye kazini miaka 11, ninayewashauri nyie hapa kila wiki!

Bibi yake ndiye aliyegundua. Alikuja kutusalimia, akamwita kutoka jikoni, mtoto kampa mgongo. Kimya. Akaenda kusimama mbele yake, akamwita kwa sauti ileile, mtoto kaitika vizuri tu. Bibi akaniambia, "Mwanangu, huyu anakusoma mdomo." Nilikaa chini.

Kesho yake daktari akammulika. Maji mazito nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Hakuna usaha, hakuna homa, wala hajawahi kulia sikio hata siku moja. Kuna kijia kinachounganisha sikio na nyuma ya pua, na kwa mtoto ni kifupi na kimelala, siyo kama chetu. Mafua yakikiziba, maji yanabaki ndani na ngoma haitikisiki vizuri. Ziba masikio yako kwa vidole sasa hivi, halafu mtu akusomee imla. Ndivyo alivyokuwa anasoma.

Mara nyingi maji haya huisha yenyewe ndani ya miezi 3, na yake yaliisha. Yasipoisha, daktari wa masikio anaweza kuweka kibomba kidogo kwenye ngoma. Wakati tunasubiri nilienda shuleni nikaeleza, mwalimu akamhamishia dawati la mbele na akawa anaongea huku anamtazama. Usiku mmoja mtoto akaniuliza, "Mama, kumbe friji huwa inaunguruma?" Nikamwomba msamaha. Akauliza wa nini.

Sasa, sikio linalotoa usaha ni habari nyingine, maana mmeniuliza sana inbox. Msimwagie mafuta ya moto, wala maziwa ya mama, wala maji ya kitunguu saumu. Jamani nimeyaona yote. Kunja kitambaa safi cha pamba kama utambi, weka, kikilowa toa weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara 3 kwa siku, na mlete kituoni apewe dawa. Usaha ukifikisha siku 14 hilo ni tatizo sugu, usijiambie ataacha akikua. Na ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, ni hospitali leo hii, hata kama ni usiku.

Mwenye mtoto anayeambiwa shuleni kwamba ni mzito au mtukutu, kabla ya fimbo simama nyuma yake umwite taratibu. Halafu niambie hapo chini amefanyaje.

Sehemu ya 4 ni Jumapili, tutaongelea nta na vile vijiti vya pamba.