Mawingu ya Njia ya Kabambare

Mwezi wa Oktoba tulisafiri kutoka Kasongo kwenda Kabambare, watu wanne juu ya pikipiki mbili. Njia hiyo huelekea mashariki, nayo yapita kilomita 100. Redio ilikuwa imetangaza mvua za ngurumo katika Maniema. Habari ilikuwa ya kweli, lakini Maniema ni kubwa kupita Ubelgiji mara nne. Redio haikuweza kutuambia mvua itanyesha juu ya kilima gani, wala saa ngapi. Basi ilitupasa kuyasoma mawingu sisi wenyewe.

Asubuhi wingu la kijivu lilikuwa limelala mabondeni. Wingu la namna hiyo, lililotandaa chini bila umbo, wataalamu huliita stratusi. Halina hasira, jua likipanda, hutoweka. Juu sana tuliona nyuzi nyembamba nyeupe: ndizo sirusi, nazo zimefanyika kwa chembe za barafu. Majina haya ya Kilatini yalichapishwa mwaka 1803 na Luke Howard, mwuza dawa wa London aliyependa kutazama mbingu.

Saa nne yakatokea mawingu ya kumulusi, kama mafungu ya pamba yenye kitako bapa. Yakibaki madogo, mama aweza kuanika mpunga wake bila wasiwasi. Yakianza kurefuka kabla ya adhuhuri, afadhali aukusanye mapema.

Saa nane tulifika katika kijiji kimoja. Mbele yetu wingu lilikuwa limekuwa mlima mweusi, na kichwa chake kimetandaa kama fuawe ya mhunzi. Hilo ni kumulonimbusi, wingu la radi. Kilele chake huweza kupita kilomita 15, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa Kilimanjaro.

Kijana mwanafunzi aliyekuwa pamoja nasi akageuka nyuma, akasema: “Magharibi ni kweupe. Bwana wetu alisema kwamba wingu la magharibi ndilo la mvua. Twendeni.”

Mzee wa kijiji akamjibu: “Mwanangu, katika nchi ya Yesu bahari iko magharibi. Hapa kwetu dhoruba hutoka mashariki.”

Ndivyo ilivyo. Katika bonde la Kongo dhoruba kubwa nyingi husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Tukaingia katika darasa la matofali. Punde upepo wa baridi ukavuma: ni hewa iliyopozwa na mvua, iliyoporomoka na kuitangulia. Kisha umeme ukamulika. Tukahesabu sekunde mpaka ngurumo, kwa kuwa kila tatu ni kilomita moja. Hatukufika tano.

Mvua ilipokatika, tulikuta mbuzi wawili wamekufa chini ya mwembe. Watu wakakusanyika, na jina la mjane mmoja likaanza kunong’onwa, kwamba yeye ndiye aliyeituma radi. Yule mzee akasimama kati yao.

“Wanangu, wingu hili sote tumeliona likikua tangu asubuhi. Nani alimwona mama huyu akilijenga? Radi hutafuta kilicho kirefu, na mwembe huu ndio mrefu hapa.”

Watu wakatawanyika polepole, wengine wakinung’unika. Tulilala kijijini usiku ule. Mzee alitandika mkeka wake mlangoni pa mjane, akakaa hapo hadi kulipokucha.

Katika Injili ya Luka, Bwana anawashangaa watu wajuao kuutambua uso wa mbingu, lakini hawaamui lililo haki. Tujifunze yote mawili. Ngurumo ikisikika, tuache vilima na miti, tuingie katika nyumba imara. Na dhoruba ikiisha, tusimtafute mwenye hatia mahali ambapo palikuwa na wingu tu.