Kitafunio cha Mama Mwenye Sukari



Kwenye matanga, ubatizo, maulidi na harusi zetu hapa Nyangwe, sahani inayopita kwanza ni ya mikate ya mafuta au vitumbua, pamoja na chai tamu. Mama mwenye ugonjwa wa sukari akiipokea ana njia mbili. Ale kwa kuona haya, usiku kiu na kojo visimwache alale; au aseme ameshiba, huku ameshika njaa tangu asubuhi. Njia ya pili watu huiona ndiyo ya hekima. Kumbe kwa anayemeza vidonge vya sukari au kuchoma sindano, kukaa na njaa kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho la baridi au maneno yanamchanganyika, hapo ndipo sukari inakuwa dawa: kama bado anaweza kumeza, mpe maji yenye vijiko vitatu vya sukari, halafu apate chakula. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Apelekwe kituo cha afya mbio.

Hatusemi vitumbua viachwe. Mchele ni chakula chetu tangu Waungwana walipouleta kutoka pwani katika karne ya 19, na hakuna atakayetunyang'anya. Tunachotaka ni kitafunio kimoja ambacho wote waliokaa mkekani watakila, mgonjwa na mzima, pasipo mtu kutengewa kisahani chake pembeni kama mgeni.

Sisi tunapenda zaidi kunde za majani. Loweka vikombe viwili vya kunde usiku kucha. Asubuhi zifikiche kwa mikono mpaka maganda yaelee, yamwage. Twanga kwenye kinu pamoja na kitunguu, tangawizi na pilipili, utie kijiko kimoja cha mawese na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, upige mpaka uji uwe mzito na mwepesi wa mkono. Chumvi isizidi nusu ya kijiko kidogo kwa chungu kizima. Jani la mgomba lipitishe kwanza juu ya moto lilegee, la sivyo litapasuka na kazi yote itaishia majini. Funga vifurushi vidogo, vipange juu ya vijiti ndani ya sufuria, maji yakae chini yasiviguse, funika. Baada ya saa moja hivi vimeshika. Kunde nazo zina wanga, kwa hiyo mgonjwa ale kimoja au viwili, si sita. Ila sukari yake huingia damuni polepole kuliko ile ya unga wa ngano.

Mbika, yaani mbegu za maboga, hufungwa vilevile. Menya, saga, changanya na mayai mawili na kitunguu. Wengine hutia samaki. Basi awe mbichi au wa kukaushwa kwa moshi, wala si makayabu, kwa sababu mama mwenye tension naye yumo mkekani. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mzima haifai kupita kijiko kidogo kimoja, na vile vidonge vya supu vya dukani ni chumvi pia, ingawa havina sura yake. Mbika ni laini, hata bibi asiye na meno anaimaliza. Mwenye mwiko wa ukoo wa samaki afungiwe chake bila samaki, na asiulizwe maswali.

Karanga za kukaanga bila chumvi ni rahisi kuliko vyote. Zilizoota ukungu au zenye uchungu zitupwe, hata kama bei ilikuwa kali. Watoto wadogo wasipewe nzima, huwapalia; na mtoto ambaye karanga humvimbisha midomo asizionje kabisa.

Imebaki chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari tunayoongeza ikishuka chini ya gramu 25 kwa siku ni bora, yaani vijiko vidogo kama sita. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu, hesabu imekwisha. Asali na maji ya matunda vimo humohumo kwenye hesabu hiyo. Wanaosema asali haimdhuru mwenye sukari wanamponza mwenzao. Chemsha mchaichai na tangawizi, peleka birika bila sukari, bakuli ya sukari ikae kando, kila mtu ajitilie.

Na vidonge vya dokta visiachwe kwa sababu ya kunde.

Mkutano ujao tutapika pamoja. Kila kundi lilete vikombe viwili vya kunde zilizokwisha kulowekwa, na majani ya mgomba yasiyochanika. Sufuria kubwa tunayo.