Mkoani si Mkoa

Siku moja darasani nilimtaka mwanafunzi anitajie mikoa ya Pemba. Akajibu: "Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani." Nikamcheka mbele ya wenzake. Hizo ni wilaya. Mikoa ni miwili tu: Kaskazini, yenye Wete na Micheweni, na Kusini, yenye Chake Chake na Mkoani. Pamoja na mitatu ya Unguja, Zanzibar ina mikoa mitano.

"Lakini maalim, kwetu kunaitwa Mkoani, vipi usiwe mkoa?" aliuliza taratibu. Nikamwambia akae.

Hakunyoosha mkono tena mwaka ule. Chuoni nilifunzwa kusahihisha kosa bila kumvunja moyo mwanafunzi. Ndugu msomaji, kila nishukapo kwenye bandari ya Mkoani hulikumbuka swali lile. Lilistahili jibu.